Bao la Kumi la Eleuterio Bareiro

Eleuterio Bareiro alichezea timu kumi na tano katika miaka kumi na saba, na kabla ya zote hizo alikuwa akinipigia mimi mashuti. Tulilingana umri na tulikua mtaa mmoja, hapa Colonia Tacuara, Chaco, nyuma ya kiwanda kilichokuwa kikichemsha magogo ya miti kupata dawa ya kutengenezea ngozi za viatu. Kiwanda kilifungwa kabla hatujazaliwa. Kilichobaki ni bomba la moshi na klabu ya mpira iliyoanzishwa na wafanyakazi wake, Obrero. Mimi nilikuwa mzito wa miguu, nikawekwa golini. Yeye alikuwa mrefu, mwembamba wa mapaja, akikimbia shingo imetangulia mbele, na watu wakamwita Mbuni. Jina hilo lilimfuata hadi mwisho, hata katika miji ambako hakuna aliyejua lilikotoka. Sisi wa karibu tulimwita Tero.

Akiwa na miaka kumi na minane, klabu moja kubwa ya Buenos Aires ilimchukua kwa majaribio. Alikaa miezi tisa katika bweni lililokuwa chini ya majukwaa ya uwanja, vijana ishirini na wanne kwa mabafu mawili. Jumapili timu ya wakubwa ikicheza, vumbi la dari liliwamwagikia vitandani kila mashabiki wa juu walipoanza kuruka. Mwezi wa tisa alivunjika mfupa mdogo wa unyayo. Daktari alisema atapona kwa wiki sita. Klabu haikungoja wiki sita. Walimkatia tiketi ya basi, akarudi kwetu mguu ukiwa kwenye plasta na begi lake limebebwa na dereva.

"Wamesema watanipigia simu," aliniambia.

"Nyumbani kwenu hamna simu."

"Niliwapa namba ya duka la dawa."

Kwa karibu mwaka mzima, kila alipopita duka la dawa alichungulia ndani. Mwenye duka alikuwa akitikisa kichwa kabla hajaulizwa.

Alichezea Obrero misimu miwili akafunga mabao thelathini na moja. Sijaona tena mtu akipendwa vile katika mji wetu. Kinyozi hakumtoza. Mama yake, Mama Eduviges, akienda buchani, mwuza nyama alimkatia mbavu nzuri bila kuombwa na wenzake kwenye foleni walimpisha. Kisha timu moja ya Santiago del Estero ikamtaka, Obrero ikamuuza, na kwa mauzo hayo uwanja wetu ukapata taa. Siku ya kuondoka, nusu ya mji ilikuwa kituo cha basi. Yeye alikuwa anaona haya, akawa anajifanya anatafuta kitu begini.

Sitazitaja timu zote. Kulikuwa na timu ya mji wa chumvi, ambako ukianguka uwanjani mchubuko unawaka hadi Jumatano. Kulikuwa na timu ya kusini, kwenye visima vya mafuta, ambako kipa akipiga mpira juu, upepo unamrudishia. Alicheza nusu mwaka Bolivia, juu milimani, akitapika kila mazoezi. Timu moja ilivunjika katikati ya msimu. Wachezaji walifika asubuhi wakakuta lango limefungwa kwa mnyororo na viatu vyao viko ndani. Mara mbili alisaidia timu kupanda daraja, na mara zote mbili, ilipopanda, ilitafuta mshambuliaji mwingine.

"Wewe ni wa kupandisha," kocha mmoja alimwambia. "Si wa kukaa huko juu."

Alinisimulia hayo kwa simu kwa sauti tulivu kabisa, kama anayesoma barua ya mtu mwingine.

Je, alikuwa mchezaji mzuri? Kwa daraja letu, ndiyo. Nje ya boksi alikuwa kama mtu aliyepotea njia, pasi zake zilikuwa mbovu, na chenga hakuwa nazo. Lakini mpira ukidunda ovyo mita sita kutoka golini, mwili wake ulijua kabla yake mwenyewe. Mimi nimesimama mbele ya mashuti yake maelfu, nakuambia ninachokijua. "Sifikirii," alikuwa akisema. "Nikifikiria, nakosa."

Huko Santiago ndiko Tero alikompata Zulema, aliyekuwa akiuza kuku wa kuchoma karibu na uwanja, na wakazaa binti, Abril. Abril alisoma shule sita. Zulema alijifunza kufunga sahani kwenye magazeti kwa namna ambayo haivunjiki hata moja katika safari ya saa thelathini. Goti la kushoto la Tero lilipasuliwa mara tatu. Mara ya mwisho daktari alimwonyesha picha akamwambia gegedu imekwisha, sasa mfupa unasaga mfupa. Alipewa sindano. Aliendelea kwa sindano miaka minne.

Hivyo ndivyo alivyofika Puerto Sauce, mto Paraná ukipita mbele ya mji, akiwa na miaka thelathini na mitano. Timu iliitwa Ribereños, daraja la tatu, kundi moja na Obrero yetu. Zulema alipata kazi katika duka la mikate. Abril alianza sekondari, akapata marafiki, akaacha kuuliza wanahama lini. Jioni moja Tero alipokuwa akibandika barafu gotini, mkewe alivuta kiti akaketi mbele yake. Maneno haya nimeyapata kwa Tero mwenyewe.

"Mimi hapa nimefika, Tero."

"Ni mwaka mmoja mmoja tu, mama Abril."

"Mwaka mmoja mmoja ndiyo imefika kumi na nne. Ukienda kwingine, nenda. Sisi utatukuta hapa."

Hakukasirika. Alijua mke wake ana haki. Na kwa bahati, mkataba wa Ribereños ulikuwa na karatasi ya ziada: akifikisha mabao kumi, anaongezewa mwaka mmoja, na baada ya mwaka huo anabaki klabuni kufundisha vijana. Alinipigia simu siku aliyotia saini. Tangu utotoni sikuwa nimemsikia akiongea haraka vile.

Msimu ukaenda. Ilipofika Jumapili ya mwisho alikuwa na mabao tisa.

Jumapili hiyo ya mwisho Ribereños walicheza na sisi, Obrero, nyumbani kwao. Wao walikuwa nafasi ya nane; hawapandi, hawashuki. Sisi tulihitaji sare tu. Tukifungwa, tunashuka daraja, na kila mtu Tacuara alijua kwamba Obrero ikishuka haitasimama tena, kwa sababu huko chini hakuna hata basi la kwenda kucheza ugenini.

Kaka yake Tero, Fermín, alikuwa katibu wa Obrero. Alimpigia simu Jumatatu.

"Hatukuombi uuze mechi," alisema. "Tunakuomba uumwe. Wewe goti bovu, nani atashangaa?"

"Fermín, nina mabao tisa."

"Najua una mabao tisa. Subiri, mama anataka kukusalimia."

Mama Eduviges akashika simu. "Mwanangu, mimi mambo ya mpira siyajui. Ila watu huku wananiuliza."

"Wanakuuliza nini, mama?"

"Wananiuliza kama wewe bado ni mtoto wa hapa."

Alhamisi alinipigia mimi, maana nilikuwa bado kipa wa Obrero, mzee kuliko wote kikosini.

"Hilario, Jumapili sichezi. Nimemwambia kocha goti limejaa maji."

"Limejaa kweli?"

"Limejaa tangu mwaka juzi."

"Na lile la kumi?"

Nikasikia mtu akiosha vyombo upande wake. "Tisa nayo ni namba," alisema. "Zulema hajui. Usije ukaropoka."

Tulifika Puerto Sauce na mabasi mawili ya mashabiki. Walipomwona Tero benchi, na barafu gotini, walimpigia makofi. Mmoja alipaza sauti: "Kaa hapohapo, Mbuni, jua kali, usije ukaungua." Watu wakacheka, na yeye akainua mkono kidogo. Wazo langu siku ile lilikuwa kwamba hakuna mtu uwanjani aliyelipa zaidi kuliko yule aliyekaa, na waliokuwa wakicheka hawakujua.

Mpaka dakika ya sabini na nne ilikuwa bila kwa bila. Timu zote mbili zilikuwa hoi. Hapo mshambuliaji wao, kijana, akashika paja akaanguka. Mwenzake alikuwa na adhabu ya kadi. Kocha Obregón aliangalia benchi lake, akaona mabeki wawili na Mbuni. Rais wa klabu yao, Bwana Castagnino, akashuka hadi kwenye wavu wa uzio.

"Huyu nimemleta apashe benchi joto?" alisema. "Mwingize."

"Goti litabeba robo saa?" Obregón alimwuliza Tero.

Angeweza kusema halibebi. Baadaye aliniambia kwa nini hakusema. Aliona kwamba akiwa ndani ana uhakika zaidi kuliko akiwa nje. Nafasi ile ya mshambuliaji ikijazwa na mtu mwingine, huyo anaweza kufunga. Ikijazwa na yeye, anasimama pale ambapo mpira haupo, mechi inaisha. Akavua barafu akaingia. Mashabiki wetu hawakuimba tena.

Na kweli alisimama. Alitembea tu. Mashabiki wa Ribereños wakamzomea: "Babu, umesahau mkongojo?" "Mleteeni kiti." Dakika ya themanini na nane wakapata kona. Akaja ndani ya boksi kwa sababu mtu mrefu asipokuja kwenye kona kila mtu anajiuliza. Alinipita karibu akasema bila kunitazama, "Mimi nasimama tu. Usinichunge."

Beki wetu Quiroga alikuwa ameshamshika jezi. Nikamwambia, "Mwache Mbuni. Shika namba nne."

Quiroga alinitazama.

"Mwache, nimesema."

Akamwacha. Kona ikaja ndefu, namba nne wao akaruka pamoja na Quiroga, mpira ukagonga mwamba juu ya kichwa changu ukarudi chini, nyuma ya mgongo wa Tero. Alikuwa ameligeuzia goli mgongo kabisa. Sijui nisemeje. Mpira ulidunda mara moja, na ule mwili, goti bovu na yote, ukageuka, mguu wa kulia ukaenda. Niligusa kwa vidole viwili. Haukutosha.

Nilipoinua uso alikuwa amesimama anautazama mpira ndani ya nyavu, kama anayetazama chombo kilichomponyoka mkononi. Hakuinua mikono. Kisha wenzake wakamrukia, wakamwangusha, na kijana mmoja akambana mashavu kwa furaha hadi meno yakaonekana. Kutoka upande wa mabasi yetu, kwa mbali vile, bila shaka ilionekana kama kicheko.

Mechi iliisha moja kwa bila.

Njiani kurudi hakuna aliyezungumza hadi tulipovuka daraja la mto. Ndipo mtu wa viti vya nyuma akasema, "Mliona alivyocheka?" Mwingine akasema aliona. Kufikia Tacuara, wote walikuwa wameona.

Jumatatu baa ilikuwa imejaa. Waliniuliza mimi, maana ndiye niliyekuwa karibu.

"Nani alikuwa anamchunga?"

Quiroga alikuwa ameketi meza ya pili, anatazama glasi yake.

"Alituponyoka," nilisema.

"Na alicheka, siyo?"

Nilikuwa na mke, nilikuwa na duka langu la vipuri vya baiskeli katika mtaa uleule, na miaka yangu yote iliyobaki ingekuwa hapo. Mtu aliyecheka alikuwa mbali, kilomita mia tatu. Nilikunywa kilichokuwa kwenye glasi. Sikusema ndiyo. Sikuhitaji kusema.

Wiki ileile, ukutani kwa Mama Eduviges pakaandikwa kwa rangi nyekundu: MAMA WA YUDA. Fermín alipaka chokaa, yakaandikwa tena. Akapaka mara ya tatu, yakaandikwa tena, akayaacha. Kule buchani yule mwuza nyama alimhudumia mama huyo wa mwisho, hata akiwa amefika wa kwanza. Hakulalamika. Alihamia kununua kuku. Fermín alijiuzulu ukatibu kabla hajaondolewa, na jina la mdogo wake halikutajwa tena mezani kwake. Obrero ilicheza msimu mmoja na nusu huko chini, ikajitoa. Uwanja sasa ni maegesho ya malori ya soya.

Na lile bao la kumi? Siku tatu baada ya mechi Tero alikwenda ofisini kwa Bwana Castagnino na ile karatasi, amevaa shati la kanisani. Castagnino aliisoma, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Mabao kumi katika mechi alizoanza," alisema. "Matatu umefunga ukitoka benchi, likiwemo hili. Kwa hesabu ya karatasi una saba. Mimi ningependa, Bareiro. Lakini wenzangu kwenye kamati ni watu wa karatasi."

Tero hakuwa amefika mstari huo siku aliyotia saini. Alirudi nyumbani, Zulema akaisoma mara mbili akiwa amesimama, na aproni ya duka la mikate bado kiunoni.

"Kwa hiyo hata ungefunga ishirini, wangetafuta mstari mwingine," alisema.

Ndipo akamwambia habari ya simu ya Fermín, na ahadi aliyonipa ya kutocheza, na jinsi alivyokuwa tayari kubaki na tisa. Nilidhani Zulema angegomba. Tero aliniambia hakugomba. Alikunja karatasi, akaiweka chini ya chombo cha sukari, akasema, "Uliamua bila sisi." Kisha akaenda kupika.

Alicheza timu moja zaidi, ya kumi na tano, kusini kabisa, mji wa bandari unaouza kamba na samaki wa barafu. Mechi nne, hakuna bao. Mechi ya nne goti lilijifunga akiwa peke yake, hakuna aliyemgusa, akatolewa kwa machela huku watu wachache waliokuwepo wakitafuta namba ya jezi yake ili wajue ni nani. Alibaki hukohuko, akawa mlinzi wa lango la ghala la samaki. Zulema na Abril walibaki Puerto Sauce. Hawakuachana kwa maneno. Alikwenda kuwaona Krismasi mbili; ya tatu Zulema alisema pengine ni afadhali Abril aende yeye, na Abril hakwenda.

Mama Eduviges alifariki Januari, joto la kukausha majani. Kwa joto lile maiti haingoji. Tero alisafiri siku mbili, basi likaharibika njiani nusu siku, akafika Tacuara kesho yake ya mazishi, saa nane mchana. Mimi ndiye niliyekwenda kituoni. Alishuka akitanguliza mguu mzima, akishika mlango kwa mikono miwili. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja na mtu angempisha kiti.

"Kulikuwa na watu?" aliniuliza.

"Walikuwepo."

Sikumwambia kwamba tulikuwa wanane pamoja na padri.

Tulikwenda kwanza kwa Fermín. Tulibisha. Nyuma ya dirisha pazia lilisogea kidogo likarudi. Tero alingoja muda wa mtu kuvaa viatu na kutembea hadi mlangoni, kisha akageuka akasema, "Twende makaburini."

Alisimama pale juu ya udongo mpya, kofia mkononi, si muda mrefu. Tulipokuwa tunatoka langoni niliona nikinyamaza na leo sitasema maisha yangu yote.

"Tero, ni mimi niliyemwambia Quiroga akuache."

"Najua. Nilikusikia."

"Huku sikuwahi kuwaambia."

"Hilo nalo najua."

"Na lile la kucheka..."

"Fermín aliniandikia, barua yake ya mwisho." Alivaa kofia. "Nilidhani ungesema, Hilario. Mwaka wa kwanza nilikuwa nangoja."

Nilimwambia ninaomba radhi; akaitikia kwa kichwa kama unavyomwitikia mtu aliyekuambia ni saa ngapi. Alinunua chipa mbili, mikate midogo ya jibini, kwa mama mmoja pale kituoni, akanipa moja. Basi la kurudi liliondoka saa kumi na moja. Hakukaa dirishani.

Wiki iliyofuata nilikwenda baa mapema, walipokuwa wanaanza karata, watu walewale. Nikawaambia. Niliwaambia kwamba Mbuni aliahidi kutocheza, kwamba alikuwa ameacha mwaka wake na kazi yake kwa ajili yetu, kwamba mimi ndiye niliyemwacha huru kwenye kona, na kwamba hakucheka, mimi nilikuwa mita tatu. Nilisema yote nikiwa nimesimama.

Walinitazama. Mmoja, ambaye kwa hakika ndiye aliyeandika ukutani, alikuwa akipanga karata zake mkononi.

"Hiyo ni zamani, Hilario," alisema. "Yule bibi naye keshakufa. Unacheza au huchezi?"

Nilikaa nikacheza. Tero sijampigia kumwambia kwamba nimesema. Nimeshika simu mara kadhaa, lakini sioni cha kumwambia.